Mlango Tuliouruka

Sijui nani aliyeanza kutuita Kikosi cha Ndoo, ila najua hakuwa akitusifu. Mtaa mzima ulituona tulivyo: watu wazima, wengine na vitambi vyao, tukikimbia Jumamosi alasiri na ndoo za mchanga, kamba begani, na machela tuliyoishona wenyewe kwa magunia ya mkonge na miti miwili. Watoto walitufuata nyuma wakicheka. Mimi nilikimbia na khanga imekazwa kiunoni, na sikupenda kuchekwa hata kidogo. Nilikuwa nikiwaambia wazi kwamba atakayecheka, mama yake asije kwangu kushona sare ya shule.

Nilikuwa fundi cherehani wakati huo, na watoto wawili wadogo, na nilipanga chumba cha mbele katika nyumba moja ya upande wa chini wa Kariakoo, kule mitaa inakoanza kuteremkia Jangwani. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani. Korido ilipita katikati, vyumba vilitazamana, na mwisho wake uani, penye jiko, choo na kisima kilichokwishafukiwa. Kuta zake zilikuwa za miti na udongo, zimepigwa lipu ya saruji na kupakwa chokaa. Mgeni angeziona angedhani ni matofali.

Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kwake tulipeleka ugomvi wa vyooni, wageni waliotoka mikoani, na malalamiko ya sukari iliyoishia kwa wengine. Alikuwa mzee mrefu, mstaafu wa reli, mkali kwa maneno na mwepesi wa kusamehe. Yeye na mkewe walitoka kusini, pande za Lindi, na hawakujaaliwa mtoto. Mkewe tulimwita mama, sote, hata waliomzidi umri. Utotoni kwake alikuwa ameona tufani. Alisimulia mara chache, na kila akisimulia alikuwa akishika ukingo wa kitanda: upepo ulivyong'oa paa la kwao, minazi ilivyolala yote upande mmoja, na kwamba waliopona walikuwa ni wale waliotoka mapema. Waliosubiri kuitwa hawakupona.

Nadhani mzee aliisikia hadithi hiyo miaka yote ya ndoa yao, na ndiyo iliyomfanya aanzishe kikosi. Mitaa mingine ilikuwa na mgambo wa kukabili wezi. Yeye alitaka watu wa kulinda dhidi ya moto na maji. Kila masika bonde la Msimbazi lilijaa, na kila mwaka maji yalipanda karibu zaidi na sisi. Akatundika kipande cha reli kwenye mwarobaini wa uani, cha kugongwa hatari ikija. Kamba na turubali vilitoka kwa Mhindi mwenye duka la vyombo pale kwenye kona, aliyetutolea bila kuombwa mara mbili, kisha akajiandikisha mwenyewe kikosini na kukimbia na suruali yake imekunjwa hadi magotini.

Somo la kwanza la mzee lilihusu kuta. Alitupitisha nyumba moja baada ya nyingine, akibandua lipu chini kidogo kwa kisu ili tuone udongo. Maji yakilowesha chini hapa, alisema, nyumba itasimama kama haina neno, halafu itaanguka yote mara moja. Kwa hiyo hakuna kungoja kuona maji yamefika wapi. Reli ikilia, watu wanatoka.

Somo la pili ndilo lililoleta ugomvi. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa mlango. Kazi yake ni kupita korido nzima akipiga kila mlango kwa kiganja, mara tatu kwa nguvu, kisha anasukuma na kuingia. Hakuna hodi. Watu walikataa katakata. Mtu mzima ataingiaje chumbani kwa mtu bila kukaribishwa? Na akimkuta mke wa mtu anavaa? Mzee aliwasikiliza wote, akakohoa, akasema, "Siku hiyo sitaki adabu zenu. Adabu mtanirudishia kesho yake." Tulibishana Jumamosi nzima. Mwishowe tukazoea, na hata wanawake waliokuwa wakali zaidi wakawa wanapigiwa mlango na kutoka mbio, tukaelekea shule ya msingi iliyo juu kidogo. Pale uwanjani mtu wa mlango wa kila nyumba alisimama mbele ya mzee na kutamka neno moja tu: "Wote." Yakitimia kumi, mzee alikuwa anakunja mikono, anatwambia twende nyumbani tukapike.

Mzee alifariki kipupwe. Hakuumwa muda mrefu. Alilalamika kifua asubuhi, jioni tukawa tunatandika mikeka. Nililia kuliko nilivyomlilia mjomba wangu mwenyewe.

Mama akaingia eda. Asiyejua ajue kwamba mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, karibu na uani. Akavaa nguo nyeupe, pazia zito likawekwa mlangoni, na wanaume wa nyumba wakaanza kupita korido wakikohoa toka mbali ili ajue mtu anakuja. Sisi wanawake tulipokezana kumpelekea maji, uji na chakula. Nami nilikaa naye jioni nyingi nikishona vifungo kwa mkono huku akinisahihisha.

Nafasi ya mzee kikosini ilichukuliwa na seremala mmoja, mpangaji wa chumba kilichotazamana na changu. Alikuwa kijana mwema, na ninasema hivyo hata leo. Alimpenda yule mzee kwa namna ya kutia huruma. Aliiga hata kikohozi chake. Baada ya khitma akaitisha zoezi la kwanza bila mzee, na yeye mwenyewe akawa mtu wa mlango wa nyumba yetu. Akagonga reli, akaingia koridoni, akapiga mlango wa kwanza, wa pili, akashuka hivyo hivyo, sauti ya kiganja chake inavuma. Alipofika penye lile pazia akashusha mkono. Akainamisha kichwa, akapita kwa ncha za vidole, akatoka uani.

Kule shuleni akasimama akasema, "Wote."

Nikauliza, "Na mama?"

Mnaona sasa nilivyo na mdomo. Wanaume waliangalia chini, na bibi mmoja akanivuta khanga. Seremala akaniambia kwa upole, "Dada, yule yuko eda. Nikamsukumie mlango mjane wa mzee, mbele ya watu?" Nikamwambia mzee mwenyewe alitaka kila mlango. Akasema mzee alikuwa anazungumzia watu wengine. Kila aliyekuwepo alimuunga mkono, Waislamu kwa Wakristo, na yule mwenye duka akasema hata kwao mjane mbichi hatolewi nje kwa mchezo. Nilikasirika, lakini nilikuwa peke yangu. Tukamaliza kwa kukubaliana jambo lililosikika zuri masikioni: siku ya hatari yenyewe ikija, akina mama watamtoa.

Akina mama wepi, hakuna aliyesema. Mimi sikuridhika, nikarudia tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Nikaonekana mtu wa shari. Wiki zikapita, na mlango ule ukawa unarukwa kila zoezi, mpaka seremala akawa hashushi tena mkono kwa huzuni. Aliupita tu kama mtu anayepita ukuta.

Mama alikuwa akisikia yote. Jioni moja aliniuliza, huku akikagua mshono wangu, "Siku hizi kwangu hampigi?"

Nikasema, "Wanakuheshimu, mama."

Akasema, "Wanamheshimu mzee." Kisha akanionyesha kifungo nilichokishona kombo.

Mvua za vuli zilipoanza, eda haijaisha, zilianza kwa kelele. Redio ilitangaza upepo mkali baharini, unapita mbali upande wa kusini, na wavuvi wa Kivukoni wakaambiwa wasitoke. Huku kwetu tulipata mkia wake tu, na mkia ulitosha. Ilinyesha usiku kucha na mchana wake, ikanyesha tena usiku kucha. Asubuhi mifereji ilikuwa imejaa ila mtaa wetu ulikuwa bado mkavu kwa kiasi, ukiacha madimbwi. Nilimpelekea mama uji, nikamkuta ameketi kitandani anasikiliza. Hakunisimulia tena tufani. Aliniuliza tu bonde likoje.

Habari zikaja kwamba sukari imefika duka la ushirika. Vijana wa leo hawawezi kujua neno hilo lilivyokuwa. Tulikuwa tunakunywa chai ya chumvi wiki kadhaa. Seremala akaniambia niende tu, maji yakikaribia ataigonga reli, watoto wangu wako mikononi mwake. Nikaenda na kikapu na mwavuli uliovunjika, nikapanga foleni ndefu iliyozunguka kona, nyuma ya wanawake walioloana kama mimi. Sikusikia reli. Mvua juu ya mabati ya soko ilikuwa haimruhusu mtu kusikia hata anayemkanyaga. Mbele yangu walikuwa wamebaki watu wachache alipopita kijana na mkokoteni akisema kwa sauti kwamba Jangwani kumejaa na maji yanapanda mitaani. Nikaiacha foleni. Kuna aliyenicheka kwa kuiacha.

Sikwenda nyumbani. Mafunzo ya mzee yalikuwa yamenikaa mwilini: anayekuwa nje asirudi nyumbani, aende shuleni. Na watoto wangu wangekuwa huko. Nikakimbia. Uwanja ulikuwa umejaa watu chini ya baraza za madarasa, vifurushi, majiko, kuku waliofungwa miguu. Nikawaona wanangu wamekalia godoro la mtu, wakavu, wanakula maandazi. Nikakaa pale pale.

Seremala alikuwa amesimama juu ya dawati. Watu wa mlango walipita mbele yake mmoja mmoja. "Wote." "Wote." "Wote." Alipotamka mwenyewe la nyumba yetu, yakatimia kumi, watu wakapiga makofi. Hakukuwa na mtoto aliyepotea, wala bibi aliyesahauliwa, katika nyumba kumi nzima, na maji yalikuwa yameshaingia mitaani. Seremala alikuwa analia. Akasema, "Laiti mzee angetuona leo." Nami nilipiga makofi. Nilijivuna kuwa mmoja wa Kikosi cha Ndoo.

Kisha nikageuka kumtafuta mama nimpe habari ya foleni ile.

Nikawaendea wanawake wa nyumba yetu. Nikauliza, "Mama mmemkalisha wapi?" Mmoja akamtazama mwenziwe. Huyu alidhani yule. Yule alidhani mimi. Nikauliza tena, sasa kwa sauti kubwa, na makofi yakakatika. Seremala akasema kutoka juu ya dawati, "Si akina mama mmemtoa?"

Nikamwambia, "Akina mama wepi?"

Sijapata kumwona mtu akibadilika uso vile. Alishuka, akakamata machela. Mwenye duka akachukua turubali lake. Tukatoka watatu, na hakuna aliyetuzuia.

Mtaani maji yalikuwa ya magotini, ya rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa na nguvu. Koridoni yalinifika mapajani. Kiza kidogo, ndala za watu zinaelea, na harufu ya vyoo. Kule uani lipu ya ukuta wa nyuma ilikuwa imeshabanduka, na udongo ulikuwa ukiyeyuka mbele ya macho yetu. Tuliona miti. Nilijua, na wenzangu walijua, maana mzee alituonyesha kwa kisu chake.

Seremala akafika penye lile pazia. Akainua mkono. Mkono ukabaki hewani. Naapa, ndani ya maji yale, ukuta ukikatika, mtu yule alisimama wima akasema, "Hodi, mama."

Na kutoka ndani ikaja sauti ndogo, safi, "Karibuni."

Nilimsukuma seremala pembeni, nikaweka bega kwenye mlango. Maji yalikuwa yameukaza kwa ndani. Mwenye duka akaja akasaidia, ukafunguka. Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, ameshika nondo za dirisha, nguo nyeupe imemganda mwilini. Magoti yake yalikuwa mabovu miaka mingi. Kutembea katika maji yale peke yake asingeweza, na alilijua hilo kabla yetu.

"Mama, kwa nini hukuita?" nikasema. Nilikuwa nalia na nina hasira, na sikujua hasira ni ya nani.

"Nilisikia mkono unakuja," akasema. "Mlango wa kwanza, wa pili. Nikasema leo si zoezi, leo watafika. Nikajifunika vizuri, nikakaa ukingoni. Halafu nikasikia miguu inapita kwenda uani." Akavuta pumzi. "Nikasema watarudi. Mjane apaze sauti korido nzima wanaume wamsikie, mume hata hajapoa? Nilipoona hamrudi ndipo nikaita. Mvua ikanishinda."

Baadaye sheikh alitwambia jambo ambalo tungelijua kama tungeuliza, kwamba hatari inaondoa katazo hilo, na mjane aliye hatarini anatolewa na yeyote aliye karibu. Dini ilishakuwa imemfungulia mlango. Sisi ndio tuliokuwa wakali kuliko dini.

Kumbeba mimi peke yangu nisingeweza. Nikamwambia. Akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Waingie." Nikamfunika turubali kuanzia kichwani. Mwenye duka akaingia akitazama dari. Seremala yeye aliingia amefumba macho kabisa, akipapasa kwa mikono, akajikwaa kwenye kiti kilichozama na kutupiga wote kikumbo.

"Fumbua macho, mwanangu," sauti ikatoka ndani ya turubali. "Utatuua."

Akafumbua. Tulimlaza kwenye machela, tukapita korido, mimi nimeshika kichwani, wao miguuni, maji yanavuta machela upande. Tulikuwa tumefika mtaani, hatujakata hata kona, tuliposikia nyuma yetu kishindo kizito, kisha mabati yakikwaruzana. Hakuna aliyegeuka. Mama akauliza, "Ni chumba changu?" Nikasema ndiyo.

Njia nzima seremala alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya chini, kwamba alimruka. Nilimruka, nilimruka. Nilitaka kumwambia nyamaza. Nilitaka pia kumwambia endelea kusema. Nilikuwa nahema tu.

Tulipoingia uwanja wa shule watu walikuwa wameshapata habari, sijui kwa nani. Wanawake walinyanyuka. Na wanaume, wote waliokuwa pale, vijana kwa wazee, bila kuamrishwa na mtu, walitupa migongo. Safu kwa safu, kutoka getini mpaka madarasani, wamegeukia kuta, vichwa vimeinama, wanatuachia njia ya kumpitisha mjane asionekane. Mvua ilikuwa inawanyeshea migongoni. Kwa dakika hiyo niliona ni kitu kizuri. Nilijisikia fahari na watu wangu.

"Nitue," mama akasema.

Nikamwambia bado kidogo, tufike ndani.

"Nitue hapa."

Tukamtua. Akaninyoshea mkono, nikamnyanyua, akasimama kwa kuniegemea, anatetemeka. Akalishusha turubali kutoka kichwani, likaanguka matopeni. Nilitaka kuliokota, akanikamata kiganja. Akaitazama ile migongo yote.

"Geukeni," akasema.

Hakuna aliyegeuka. Ilikuwa aibu kwao, na nilimwona mzee mmoja akijifunika uso kwa kofia yake.

"Nimewasikia mara zote mkisema wote," akasema. Hakupaza sauti, ila uwanja ulikuwa kimya na alisikika hadi kwenye baraza. "Kila Jumamosi. Na leo mmesema. Geukeni mnihesabu."

Seremala ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alikuwa bado ameshika mti wa machela. Akauweka chini, akaenda akapanda juu ya lile dawati, akafuta macho kwa mkono wenye tope, akamtazama mama usoni, sawasawa, mbele ya mtaa mzima. Wengine wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, polepole.

"Mmoja," akasema, akaanza upya.